Chapa ya Chupa: Haki ya Mchoraji na Haki ya Mfanyabiashara katika Lebo za Bia ya Nyumbani

Neno chapa, ambalo Kiswahili kililipata kutoka Kihindi, limebeba maana kadhaa ambazo mahali pengine zimegawanywa. Kupiga chapa ni kutoa nakala nyingi za maandishi au picha kutokana na bamba moja au herufi zilizopangwa. Kumpiga ng'ombe chapa ni kumtia alama ya moto ili mwenyewe ajulikane. Na bidhaa ya chapa fulani ni ile itambulikanayo dukani kwa nembo yake. Msemaji wa Kiswahili hasumbuki na wingi huu, maana muktadha humwongoza. Mwanasheria husumbuka. Kwake yeye haki ya mtu aliyebuni picha ni jambo moja, na haki ya mfanyabiashara juu ya alama ya bidhaa zake ni jambo jingine kabisa. Haki hizo zilizaliwa katika nyakati mbalimbali, kwa malalamiko ya watu mbalimbali, nazo hazifi pamoja.

Ni vitu vichache vionyeshavyo tofauti hiyo waziwazi kama kile kipande cha karatasi kigandishwacho juu ya chupa ya bia. Na mtu aikutaye kwa mshangao mkubwa ni yule ajipikiaye bia nyumbani kwake, huko Uingereza au Marekani, asiyeuza hata chupa moja, bali huwagawia jamaa na majirani, na hupenda chupa zake ziwe na sura ya kupendeza. Huona picha imfurahishayo, naye huuliza kama yaruhusiwa kuitia katika lebo yake. Hudhani ameuliza swali moja. Kwa kweli ameuliza mawili, na majibu yake huenda yakapingana.

Pombe isiyo na lebo si pombe pungufu. Mbege ya Wachaga yaweza kunywewa pasipo karatasi yoyote, kwa kuwa mnywaji humjua mpishi, huijua nyumba yake, na pombe ikiwa mbaya hujua mlango wa kwenda kulalamika. Lebo huzaliwa pale mpishi na mnywaji wasipojuana. Katika Uingereza umbali huo ulikua sana katika karne ya 19. Bia ya Burton-on-Trent, mji ambao maji yake yafaa mno kwa bia ya rangi hafifu, ilisafirishwa kwa mapipa hadi nchi za mbali. Ushuru wa kioo ulipofutwa mwaka 1845, chupa nazo zikaanza kuwa rahisi. Aghalabu kiwanda kiliuza pipa tu, na mtu mwingine, katika mji mwingine, ndiye aliyeitia bia katika chupa. Basi karatasi iliyobandikwa juu ya chupa ikawa ndiyo shahidi wa asili ya kinywaji kilichomo. Guinness ya Dublin ilianza kutumia lebo yenye kinubi mwaka 1862. Na penye shahidi wa karatasi hapakosi mtu wa kumghushi: bia hafifu ilitiwa katika chupa zenye lebo za kuigiza, na jina jema la kiwanda likaliwa na wengine.

Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuandikisha alama za biashara mwaka 1875, na daftari likafunguliwa tarehe 1 Januari 1876. Alama iliyoandikwa nambari 1 ilikuwa pembetatu nyekundu ya kiwanda cha Bass cha Burton. Husimuliwa kwamba mtumishi wa kiwanda alikesha mlangoni pa ofisi usiku wa mwaka mpya ili asitanguliwe na mtu. Hadithi hiyo iwe ya kweli au iwe imetiwa chumvi, nambari ni ya kweli, na alama ingalipo daftarini hadi leo. Lakini yafaa kuangalia ni kitu gani kilicholindwa. Pembetatu si kazi ya sanaa. Mtoto wa shule aweza kuichora kwa rula. Sheria haikujali uzuri wake, wala haikuuliza nani aliyeibuni. Ilijali jicho la mnunuzi, asije akadanganywa. Na kwa hiyo ililiweka katazo lake ndani ya mipaka ya biashara.

Haki ya pili ni kongwe zaidi kwa miaka 140, nayo imetoka kwa mtu mwenye njaa ya namna nyingine. William Hogarth, mchoraji wa London, alizoea kuchora visa vya maisha ya mjini, kisha kuvichonga katika mabamba ya shaba na kuuza picha zilizopigwa chapa. Mwaka 1732 alitoa picha sita za kisa cha msichana wa shamba aliyeharibikiwa na mji, akaziuza kwa gini moja kwa watu waliojiandikisha. Ziliwapendeza watu kupita kiasi, na wauzaji wa picha wa London hawakukawia. Walizichonga upya katika mabamba yao wenyewe, wakaziuza kwa bei ndogo, wala hapakuwa na sheria ya kuwazuia. Sheria ya mwaka 1710 ilikuwa imewalinda waandishi wa vitabu. Mchonga picha hakutajwa.

Hogarth na wachoraji wenzake wakapeleka maombi Bungeni. Sheria waliyoipata mwaka 1735 ilimpa mtu aliyebuni na kuchonga picha haki ya peke yake kwa muda wa miaka 14. Hogarth alikuwa na mfululizo mwingine tayari, wa kijana aliyetapanya mali ya urithi, akauzuia usitoke mpaka sheria ianze kutumika mwezi wa Juni. Lakini hata hapo wezi walimtangulia: walituma watu nyumbani kwake kama wanunuzi, watu hao wakazitazama picha kwa makini, na walipotoka wakazieleza kwa kukumbuka, zikachorwa upya na kuuzwa kabla ya zile za asili. Si mara nyingi katika historia ya sheria kuona haja yake ikithibitishwa na wavunjaji wake kwa bidii namna hiyo.

Haki hii, basi, ilikuwa na tabia tofauti tangu mwanzo. Haikuuliza kama mnunuzi amedanganywa. Aliyenunua nakala ya wizi huenda alijua wazi kwamba si ya Hogarth, na pengine alifurahi kwa urahisi wa bei. Kosa lilikuwa katika kule kunakili. Wala haki haikuwa ya milele: ilipewa muda. Mwaka 1767, miaka mitatu baada ya kifo cha Hogarth, muda wa jumla uliongezwa kuwa miaka 28, na mjane wake Jane akapewa miaka 20 ya peke yake juu ya kazi za mumewe, kwa kuwa picha hizo ndizo zilizokuwa riziki yake.

Kwa historia ya bia, picha iliyo kubwa kuliko zote za Hogarth ni ile ya mwaka 1751 iitwayo Beer Street, yaani Mtaa wa Bia, iliyotolewa pamoja na mwenzake Gin Lane ili kuwaonya watu juu ya ulevi wa jini. Iliuzwa shilingi moja, na chini yake yalichongwa maneno ya kwamba imetolewa kwa mujibu wa sheria ya Bunge. Watu wanene wenye afya wameshika vikombe vyenye povu, kazi zinaendelea, mji umeshiba. Katikati ya shibe hiyo yumo mtu mmoja juu ya ngazi, amekonda, nguo zake zimechanika. Ni mchoraji wa vibao, naye anachora kibao cha kilabu cha bia. Hogarth, ambaye ndiye aliyepigania mapato ya wachoraji, hakumweka pale kwa bahati. Bia yawanenepesha wote isipokuwa yule aichoreaye alama.

Leo picha hiyo ni mali ya watu wote, na mpika bia wa nyumbani aweza kuibandika juu ya chupa zake bila kumwomba mtu ruhusa. Zamani palikuwa na shaka kuhusu nakala ya kamera: picha ni ya kale, lakini aliyeipiga katika jumba la makumbusho yu hai, naye aweza kudai haki mpya. Mahakama moja ya New York ilikataa dai la namna hiyo mwaka 1999, na Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikaeleza mwaka 2023 kipimo ambacho kwacho kunakili kwa uaminifu tu kazi iliyokwisha kuwa mali ya umma hakuelekei kuzaa haki mpya. Mpiga kamera lazima awe ametia kitu chake mwenyewe.

Lebo yenyewe ilipata mashaka marefu kabla ya kukubaliwa kuwa kazi ya kulindwa. Huko Marekani sheria ya mwaka 1874 iliziondoa lebo za bidhaa katika daftari la vitabu na michoro, ikazipeleka katika Ofisi ya Hataza, zilikokaa hadi mwaka 1940. Mwaka 1891 Mahakama ya Juu ilikataa kuilinda lebo ya wino, kwa hoja kwamba maneno yaelezayo tu kilichomo chupani hayana thamani yake yenyewe mbali na chupa. Mwaka 1903 mahakama hiyo hiyo, kwa hukumu iliyoandikwa na jaji Oliver Wendell Holmes, iliamua kwamba matangazo ya sarakasi yaliyopigwa chapa ya rangi yalindwa kama picha nyingine yoyote. Holmes aliona ni hatari kwa watu waliosomea sheria tu kujifanya waamuzi wa thamani ya sanaa. Picha haipotezi haki kwa kuwa yauza kitu. Tangu hapo imekuwa vigumu kumwambia mchoraji wa lebo kwamba kazi yake ni takataka ya biashara.

Haki hizo mbili zilikutana juu ya kitambaa kimoja, na kwa mkono wa mchoraji mkuu. Mwaka 1882 Édouard Manet alimchora msichana muuza vinywaji katika ukumbi wa Folies-Bergère wa Paris. Mbele yake pamepangwa chupa, na mbili kati ya hizo, moja kila upande, zina pembetatu nyekundu ya Bass. Picha hiyo sasa imo London, katika jumba la Courtauld. Manet alifariki mwaka 1883. Haki ya mchoraji juu ya kazi hii imekwisha zamani, na mtu yeyote aweza kuinakili. Lakini pembetatu iliyomo ndani yake, iliyo sehemu ndogo na rahisi kuliko zote, ingali alama iliyoandikishwa, kwa maana alama ya biashara huhuishwa kila muda wake uishapo, wala hakuna kaburi la mtu lililowekwa kuwa kipimo cha mwisho wake. Picha ni huru ilhali kijisehemu chake ni cha mtu.

Mfano huu wapata kamba ya pili kwa kazi za Pablo Picasso. Naye alipenda chupa za Bass, na mwaka 1914 alitengeneza kazi iliyotaja chupa hiyo, bilauri, pakiti ya tumbaku na kadi ya mgeni. Picasso alifariki mwaka 1973. Katika Uingereza na Ufaransa, ambako haki yadumu miaka 70 baada ya kufa kwa msanii, kazi zake zitakuwa huru mwisho wa mwaka 2043. Basi bia ni moja, ila mpika bia wa Manchester awezaye kumchukua Manet bila ruhusa hawezi kumchukua Picasso vivyo hivyo.

Upishi wa bia wa nyumbani ni wa kale kuliko viwanda, lakini katika nchi hizo mbili uliwahi kufungwa na kodi au katazo. Uingereza iliwataka wapishi wa nyumbani wawe na leseni tangu mwaka 1880, hata Waziri wa Fedha Reginald Maudling alipoiondoa leseni hiyo mwaka 1963 kwa masharti kwamba bia isiuzwe. Marekani ilipofuta marufuku ya pombe mwaka 1933, bia ya nyumbani ilisahauliwa. Ruhusa ya sheria ya taifa ilikuja kwa saini ya Rais Jimmy Carter mwaka 1978, galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja, na 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Hata hivyo majimbo ya Alabama na Mississippi yalingoja mpaka mwaka 2013. Katika nchi zote mbili sharti ni lile lile: usiuze. Na hapo ndipo kosa la fikra linapoingia. Kwa kuwa kutouza ndiko kunakomsalimisha na mtoza ushuru, mpika bia hudhani kutouza kunamsalimisha na kila mtu.

Kwa upande wa alama, dhana yake yakaribia ukweli. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1994 yazungumzia matumizi yafanywayo katika shughuli za biashara, na ile ya Marekani yafuata njia kama hiyo. Mtu ageuzaye jina la bia mashuhuri kwa mzaha, akawapa wageni wa harusi ya dada yake, hamdanganyi mnunuzi, maana mnunuzi hayupo. Kwa upande wa haki ya mchoraji mambo ni mengine. Kunakili ni kunakili hata jikoni. Uingereza iliingiza ruhusa ya kunakili kwa matumizi binafsi mwezi wa Oktoba 2014, ruhusa finyu iliyohusu nakala ambazo mtu amekwisha kuzimiliki kihalali. Mwezi wa Julai 2015 Mahakama Kuu ikaifuta kwa shauri lililoletwa na vyama vya watu wa muziki. Iliyobaki ni ruhusa ya mzaha na dhihaka, ambayo haimfai mtu apendaye tu picha nzuri. Sheria ya Marekani ina kanuni pana zaidi ya matumizi ya haki, ambamo kutofanya biashara huhesabiwa, ila hakuamui peke yake. Ni kweli kwamba ni nadra mwenye picha kumfuatia mtu kwa ajili ya chupa 40. Lakini kutofuatiwa si sawa na kuwa na haki.

Majina nayo yastahili neno, hasa kwa wachunguzi wa lugha. Mwaka 1981 mahakama ya Uingereza iliulizwa kama neno Exxon, lililobuniwa kwa kazi kubwa na kampuni ya mafuta, ni kazi ya maandishi. Ikajibu kwamba si kazi, kwa sababu neno moja, hata likiwa jipya kabisa, halielezi kitu wala haliburudishi. Isimu yaweza kubishana na hoja hiyo, maana hata neno moja lina umbo na mwangwi. Lakini kwa sheria, jina hulindwa kama alama au halilindwi. Hata jina la bia isiyokuwapo laweza kulindwa. Duff ilikuwa bia ya kubuni tu katika katuni za televisheni za The Simpsons, mpaka viwanda vya Australia vilipoipika na kuiuza. Mwaka 1996 mahakama ilivizuia, kwa kuwa wanunuzi wangeamini kwamba bia hiyo yatokana na wenye katuni. Mpika bia wa nyumbani aiitaye bia yake kwa jina hilo hawauzii wanunuzi hao. Lakini akimbandika mhusika wa katuni hizo, amenakili mchoro, na kisa ni kingine.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haitoki kwa watu wa mbali. Lebo nyingi za nyumbani huchorwa na rafiki, kwa malipo ya chupa sita au ya shukrani. Katika sheria za Uingereza na Marekani rafiki huyo ndiye mwenye picha, na haki haihami kwake pasipo maandishi aliyoyatia saini, hata kama alilipwa. Anayelipwa bila hati huwa ametoa ruhusa ya kutumia tu, na mipaka ya ruhusa hiyo hubishaniwa baadaye. Wakati bia ni ya kugawa, hakuna aulizaye. Lakini viwanda vingi vidogo vya Marekani vilianza majikoni. Ken Grossman, aliyeanzisha Sierra Nevada huko California, alikuwa mpika bia wa nyumbani kwanza. Bia ikivuka kizingiti cha jikoni na kuingia dukani, lebo huvuka nayo, na siku hiyo yule mchoraji wa juu ya ngazi hushuka kuuliza fungu lake.

Katika Afrika ya Mashariki sheria zenyewe zililetwa na utawala wa Kiingereza, na lebo iliyozoeleka kuliko nyingi, ile ya Tusker yenye ndovu, ilitoka katika kiwanda kilichoanzishwa Kenya mwaka 1922. Mmoja wa waanzilishi, George Hurst, aliuawa na ndovu mwaka 1923. Ndovu ni mfano mzuri wa kufundishia. Kama mnyama, ni wa kila mchoraji. Kama mchoro fulani uliofanywa na mkono fulani, ni wa mchoraji huyo kwa muda. Kama alama juu ya chupa ya bia, ni wa kiwanda, na haijalishi nani alimchora.

Kiswahili cha sheria kimeyapa mambo haya majina. Alama ya biashara ni jina lililo wazi. Hakimiliki, ambalo Tanzania ililitia pamoja na hakishiriki katika jina la sheria yake ya mwaka 1999, halina uwazi huo. Sehemu zake zote mbili, haki na miliki, zasema habari ya kumiliki, na mtu huweza kumiliki alama, shamba au ng'ombe kama amilikivyo picha. Kilichokuwa kiini cha malalamiko ya Hogarth, yaani kunakili, hakimo ndani ya neno. Ndiyo sababu magazetini husomwa kwamba kiwanda fulani kina hakimiliki ya jina la kinywaji chake, jambo ambalo sheria yenyewe haitambui. Haki ya kunakili lingekuwa jina refu na lisilo na mvuto, lakini lingemwonyesha msomaji mahali kosa lilipo. Hakimiliki limekwisha kukaa katika sheria, mahakamani na katika milango ya ofisi, na si rahisi kuling'oa. Kazi iliyobaki ni ya watunga kamusi, ambao chini ya kidahizo hicho, na chini ya chapa pia, wangeweza kuzitenga maana hizo kwa mfano mmoja mmoja wa matumizi.